Upande Wangu wa Sinia

Nilifaulu masomo yote ya kujiandaa kwa operesheni ya kupunguzwa tumbo bila kutoka nyumbani kwangu Mjambere. Hospitali iliyatuma kwenye simu, binti yangu Nadira akanionyesha pa kubonyeza, na kila swali nililijibu mwenyewe. Tarehe ya operesheni ikatoka. Nadira alifurahi kuliko mimi.

Nikasema siendi.

Alidhani naogopa kisu. Nikamwambia kisu sikiogopi. Huu mwaka wa tatu naswali juu ya kiti kwa sababu magoti hayaubebi mwili wangu, na ninachotaka ni kurudisha paji langu la uso kwenye mkeka. Lakini nikishapasuliwa nitabaki na tumbo dogo, na mle kwenye simu niliyemwona ni kijana anayekula peke yake kwa uma, kwenye sahani nyeupe. Mimi sina sahani. Tangu nimuoe Mwanatatu tunakula sinia moja, kwa mkono. Nikiulizwa nakula kiasi gani, wallahi sijui.

"Baba, si umepata mia kwa mia?"

"Nimepata mia kwa chakula cha mtu mwingine."

Siku ya pili Mwanatatu alipika wali wa nazi na samaki changu wa kupaka, akapakua kwenye sinia letu, akalifunika kwa kawa, tukapanda tuktuk mpaka hospitali. Muuguzi wa wagonjwa wa tumbo anaitwa Margret, mtu wa bara, mpole lakini mwenye haraka. Alitueleza kwamba darasa la ana kwa ana lilifungwa, watu walikuwa hawafiki. Nikamjibu kwamba mimi nimefika. Akasema chumba chenyewe sasa kimejaa makabati. Nikasema sinia halihitaji uwanja. Akamwita mlinzi, Dishon, ambaye alituamkia shikamoo, akalitazama lile kawa, akasema mzee wa umri wa babake yeye hamtoi.

"Mzee, unataka nikufanyie nini hasa?" Margret akauliza.

"Nataka uniangalie nikila."

Tuliweka sinia juu ya meza, kati ya makabati. Tukamkaribisha, maana hatuwezi kula mtu akitutazama tu. Akakataa kula, nami nikakataa kuanza. Mwisho alinawa mikono akakaa upande wa Mwanatatu.

Nikala kama nilivyofundishwa na simu, tonge ndogo, natafuna polepole, najiona mwanafunzi bora. Margret akaacha kula.

"Mama, mbona unamsogezea?"

"Namsogezea nini?"

Kweli hakujua. Nami sikujua. Mkono wake ulikuwa ukichambua miiba na kuweka mnofu upande wangu, na kila nilipochota wali, aliusukuma mwingine kujaza pengo. Nami nimelelewa nisinyanyuke mpaka upande wangu uishe. Basi haukuwa ukiisha.

Margret alichukua kijiko, akatenga kifungu kidogo cha wali, kama cha mtoto anayeachishwa ziwa. Akasema baada ya operesheni chakula changu kitaanza na vya maji maji, na hata nikirudi kwenye wali, hicho ndicho kitakuwa changu. Nikiongezewa nitatapika, na nikizoea kujilazimisha, mwili utarudi ulikotoka.

Mwanatatu akavuta leso yake begani.

"Nilimlisha huyu alipokuwa kuli bandarini. Leo ale kama kifaranga mbele yangu, watu waseme nimemchoka?"

"Waseme," nikamwambia. "Mama Nadira, mimi nataka kusujudu. Nisaidie au nizuie, lakini ujue unafanya lipi."

Mkono wa Mwanatatu ulikwenda kwenye mnofu wa tumboni, ule ulionona, ambao tangu ndoa yetu sijaona ukiliwa na mtu mwingine. Akaumega. Mkono ukaanza kuja upande wangu, ukafika katikati ya sinia, ukasimama. Margret alikuwa amemtazama, kijiko kingali mkononi.

Kisha Mwanatatu akautia mnofu kinywani mwake, akautafuna polepole, amenikazia macho kana kwamba ananiambia nithubutu kuuomba.

Sikuuomba. Nikashika meza, nikanyanyuka, wali ungali upande wangu, nikaenda kunawa.