Miaka Niliyomwongezea Nalotuesha

Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu Malambo, mwaka wangu wa sita, Mwiraqw kutoka Daa niliyejifunza Kimaa, lugha ya Wamasai, kwa kunywa maziwa ya watu. Sensa ilipofika, sisi walimu tukagawiwa madodoso, na boma la Nalotuesha likaniangukia mimi.

Koko Nalotuesha, yaani bibi, alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Malambo hakuna binti aliyeposwa kabla wazee hawajaketi naye kwenye ngozi mlangoni pake, wamuulize kama nyumba hizo mbili zina undugu. Akisema undugu upo, basi, ng'ombe wa mahari walirudi kwao. Hakuna aliyembishia.

Nilipomuuliza umri wake alinicheka, akasema miaka ni mambo yetu ya shule. Lakini akanijibu kwa namna ya Kimasai, kwa marika, yaani vijana waliotiwa jando pamoja. Alipokuwa msichana alicheza na morani wa rika la Iltareto. Mama yake alicheza na Iltalala, na bibi yake na Ilaimer wa zamani kabisa. Tulikuwa wawili tu. Nikapiga hesabu, nikapata kama sabini na minane, nikaandika kwenye dodoso la serikali. Hapo sikukosea.

Nilikosea nilipofika nyumbani, na nisijitetee, nilifanya makusudi. Nilikuwa nimeshapeleka habari nne gazetini na zote zikatupwa. Bibi wa miaka sabini na minane, nani angemchapa? Basi nikachukua ngoma aliyoicheza bibi yake nikampa yeye. Nikaandika kwamba Nalotuesha alikuwa kipenzi cha morani wa Ilaimer, kwamba ana miaka mia moja na kumi na minane, na huenda nchi nzima hakuna amzidiye. Chini nikaweka jina langu, Bonifasi, na nikajiona nimempa heshima.

Gazeti lilikuja na lori la Karatu wiki tatu baadaye. Patrisi wa zahanati akalisoma kwa sauti mnadani. Watu walikuwa wanacheka vizuri tu, lakini lilipotajwa jina la Ilaimer, wakanyamaza. Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hata mchunga ndama analijua. Marehemu mume wa Nalotuesha alikuwa wa rika la Iltuati, na Ilaimer ndio waliowawashia Iltuati moto wao wa jando. Iltuati wote waliwaita baba. Mimi, mjuaji, nilikuwa nimechapisha kwamba bibi wa watu alikuwa mpenzi wa baba kisha akaolewa na mtoto.

Wazee wote walijua si kweli. Walichotaka kujua ni nani aliyesema. Kama ni mimi, nilikuwa mwongo wa kufukuzwa Malambo. Kama ni yeye, basi kumbukumbu yake imeharibika, na ni nani tena angemuuliza habari za nyumba za watu?

Tuliitwa wote wawili mbele ya wazee. Mzee Senteu hakupandisha sauti.

"Mwalimu, maneno haya yametoka kwa nani?"

Nilitazama viatu vyangu, viatu vya mwalimu, nilivyovipiga rangi asubuhi ile kana kwamba vingenisaidia. Nilikuwa bado navitazama Nalotuesha aliposema.

"Ni mimi niliyemwambia. Mwalimu ameandika alichosikia. Kichwa changu kimechoka."

Nikanyamaza. Hata kutikisa kichwa sikutikisa. Wazee wakampa pole, mmoja akamshika mkono kumsaidia kuinuka, yeye ambaye hakuwahi kushikwa mkono na mtu, na mimi wakaniambia nirudi darasani. Nilifundisha kugawanya siku ile. Aibu ilinipanda hadi masikioni na watoto wakadhani nina homa.

Kesho yake nilikwenda kwake. Alinipa maziwa kwenye kibuyu kama siku zote, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Nikamuuliza kwa nini alinifichia uongo wangu. Kabla hajajibu, alimwona mzee Kaika wa Soitsambu anakuja na wenzake wawili, kumtafutia mwanawe mchumba. Nalotuesha akajisogeza kwenye ngozi, akawaachia nafasi.

Kaika alimwamkia kwa adabu zote, akamuuliza hali ya kichwa. Kisha wakapita, wakaenda boma la Sintamei, mwanamke aliyekuwa amejifunza undugu wa watu kwa Nalotuesha huyu huyu.

Akabaki amekaa pembeni mwa ngozi ile.

"Sikukufichia," akasema. "Nilikuwa nangoja unikatalie mbele ya wazee."

Kaika alikuwa hajafika mbali. Ningemwita kwa sauti ya kawaida angegeuka. Nilimtazama mpaka akaingia boma la Sintamei, kisha nikamaliza maziwa.