Moto wa Bi Rahabu

Yusta aliinama mbele ya mafiga, akafukua majivu kwa kijiti hadi akalipata kaa lililokuwa bado hai, dogo kama punje ya harage. Akalipuliza taratibu, akaliwekea gunzi kavu, kisha ukuni wa mwisho. Nje, ukungu wa Julai ulikuwa umeukalia mlima tangu juzi, na kila mlango ulipofunguliwa uliingia ndani bila hodi.

"Huo ndio wa mwisho?" mama yake aliuliza kutoka kitandani.

Bi Rahabu hakuona vizuri siku hizi, lakini masikio yake hayakuzeeka.

"Ndio, mama. Leo nitaleta nyingine."

"Usiusukume wote, mndee. Uache kichwa nje."

Yusta akauvuta ukuni nyuma kidogo. Alikuwa na wajukuu wake mwenyewe, lakini mbele ya moto ule bado alikuwa mndee, msichana wa kuelekezwa.

Alikulia palepale. Enzi hizo watoto walilala wamepangana kama viazi kwenye tenga, na mbuzi upande wa pili wa ukuta wa fito, nao wakichangia joto lao. Jioni Bi Rahabu alitoa jiwe mekoni, akalifunga kwa shuka kuukuu na kulipitisha miguuni mwa watoto, kuanzia kitinda mimba. Mkubwa alilipata limeshapoa, na mkubwa alikuwa Yusta. Kuni zilipangwa juu, kwenye uchaga wa fito uliobebwa na nguzo juu ya meko, zikikaushwa na moshi wa wenzao. "Za uchagani zinazicheka za motoni," mama alikuwa akisema, "na zamu yao inakuja." Moto wenyewe haukuzimwa. Usiku ulifukiwa majivu, asubuhi ukafukuliwa, na kiberiti kilikuwa kitu cha watu wasioijua kesho. Ukizimika kwa bahati mbaya, mtoto alitumwa na kigae kwa jirani kuomba kaa. Hakuna aliyenyimwa moto, hata kama wazazi walikuwa wamegombania mpaka wa shamba.

Sasa uchaga ulikuwa mtupu. Na mwaka jana, msimu kama huu, Bi Rahabu alilazwa kwa nimonia. Siku ya kumruhusu, nesi alimvuta Yusta pembeni akamwambia, "Mama huyu asipigwe tena na baridi. Kifua chake hakitahimili mara ya pili." Maneno hayo Yusta aliamka nayo kila asubuhi.

Alimfunika mama yake vizuri, akaenda ofisi ya kijiji. Mtendaji, kijana aliyehamishiwa huku kutoka bondeni, alikuwa amejikunyata ndani ya koti zito, mikono yote miwili imekumbatia kikombe cha chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata kibali cha kuokota kuni msituni. Kavu tu, zilizoanguka."

"Lakini wewe si ulipokea mtungi wa gesi? Nilikuwepo. Ulipigwa hadi picha."

"Nilipokea. Umeisha."

"Ukajaze, sasa."

"Ningekuwa na cha kujazia, ningekuja kukusumbua?"

Mtendaji akacheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Agizo limetoka juu, mama. Kaya yenye mtungi haipewi kibali. Moshi unaua, misitu inaisha."

"Sikatai. Lakini gesi inapika tu, baba. Haipashi nyumba. Na ndani nina mgonjwa."

"Mtafutie blanketi zito."

"Blanketi analo. Blanketi halina joto lake, linatunza la mtu. Mama hana tena la kutunzwa."

Kijana alitazama chai yake. Kwa kweli hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. "Usingeupokea ule mtungi," alisema, "ningekuandikia sasa hivi."

"Nikiurudisha?"

"Hakuna utaratibu wa kurudisha."

Yusta hakumwambia jinsi gesi ile ilivyoisha, maana alijua angechekwa. Siku walipoupata mtungi, Bi Rahabu alikataa kata kata kulala na meko mafu. Basi Yusta akapunguza mwali hadi ukawa kama ua dogo la buluu, wakalala, kama mtu anavyofukia makaa. Wakafanya hivyo usiku uliofuata, na mwingine tena, wakishangaa jinsi moto wa kisasa usivyohitaji majivu. Wiki haikukatika. Siku mtungi ulipokoroma na kunyamaza, Bi Rahabu aliuliza ni nani aliyesahau kuufukia.

Kutoka ofisini hakurudi nyumbani. Alishika njia ya msituni, akaokota matawi makavu haraka haraka, akayafunga kwa kamba ya mgomba. Mzigo ulikuwa umeshapanda kichwani alipomwona mlinzi wa msitu amesimama njiani na sare yake ya kijani.

Alikuwa Alen, mtoto wa jirani yao marehemu Yohane. Utotoni alishinda mekoni kwao mama yake alipokwenda Lushoto kuuza mboga, na jiwe la moto alilipata kabla ya wajukuu wote wa Bi Rahabu, kwa kuwa ni mgeni.

"Shikamoo, Mama Janeth. Kibali kipo?"

"Unajua hakipo."

"Basi weka chini, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikikuachia, wakubwa wakaja kukuona nazo, kazi yangu imekwisha. Mimi mwenyewe kibarua tu."

Yusta akautua mzigo. Angeweza kumkumbusha lile jiwe. Alifungua mdomo, kisha akaona haya, yeye, badala ya kijana.

"Bibi hajambo?" Alen aliuliza.

"Anasikia baridi."

Alen akayatazama mabuti yake.

Njiani Yusta alipita kwa majirani wawili. Mmoja alimpa mabua, mwingine alimwonyesha uchaga wake, mtupu kama wa kwao. Alipofika nyumbani, mabua yalikuwa yameloa ukungu na chumba kilikuwa kimya.

"Umezimika," Bi Rahabu alisema. "Nimeusikia ukizimika, nikashindwa kuinuka."

Yusta alimshika mkono. Ulikuwa baridi kama jembe lililolala nje. Hofu ikampanda, na hasira pia, lakini hasira haikujua pa kwenda. Akachukua kigae nyuma ya mlango na kutoka.

Moshi wa karibu ulikuwa unapanda kwenye kibanda cha walinzi, ukingoni mwa msitu. Aliwakuta Alen na mwenzake wamekaa kwenye viti vya mti, wameinyoosha mikono juu ya moto mkubwa wa watu wasiojua kubana matumizi. Kuni zote zilikuwa zimesukumwa ndani hadi mwisho. Pembeni ilikuwepo kamba ya mgomba yenye fundo alilolifunga Yusta mwenyewe.

"Hodi," alisema. "Naomba moto."

"Mama, hapa ni ofisi," alianza yule mwenzake.

Alen alikuwa ameshasimama. Alichagua makaa makubwa, akayaokota kwa vidole, akiyarusha rusha kiganjani kama Bi Rahabu alivyomfundisha, na kuyaweka kwenye kigae. Kuni zilikuwa kosa. Makaa ya kuni zilezile hayakuwa kosa. Hakumtazama usoni.

Yusta alirudi ameukinga moto wake kwa khanga. Akaumimina katikati ya mafiga, akaupuliza, ukaamka. Kisha akatazama huku na huku, akatafuta cha kuulisha. Mabua yalitoa moshi tu. Makaa yakaanza kuota majivu.

Akapanda juu ya kinu, akashika uchaga.

Fito zile zilikatwa na baba yake, na zilikuwa zimekauka kwa moshi wa maisha yao yote. Zilivunjika kirahisi. Zilishika moto mara moja, na chumba kikajaa mwanga na joto ambalo hakikuwa nalo tangu msimu uanze.

"Umepata kuni?" Bi Rahabu aliuliza.

"Nimepata, mama."

Mama akanusa. Alikuwa amekaa na moshi miaka mingi mno, hata asiweze kuikosea harufu ya kitu chake.

"Umeanza na nguzo," aliuliza polepole, "au na fito?"

"Na fito," Yusta alijibu.

"Vizuri. Nguzo ziache. Kesho nako kuna baridi."