Nguzo za Ghorofa ya Pili

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Tangu alfajiri kulikuwa na manyunyu membamba, yasiyosikika juu ya bati lakini yanayolowesha bega kabla hujafika njia panda.

Nilifika ofisini mapema, nikasali kwa ufupi, nikawasha kompyuta. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa mtunza stoo wa kampuni hii ya ujenzi. Nilipotimiza arobaini na sita nikaanza masomo ya jioni, na tangu Februari nimekabidhiwa ratiba. Katika programu ya kuipangia, kila kazi ni mstari, na mshale unaotoka mstari mmoja kwenda mwingine unasema: huyu amngoje yule. Mmoja akichelewa, walio nyuma yake husogea wenyewe.

Jana yake mwalimu alituambia, "Msiiamini mishale yenu. Kila kazi iulizeni: wewe unangoja nini?"

Basi nikaanza kuuliza, mmoja baada ya mwingine, kwa utii wa mwanafunzi mzee. Nikafika penye "Kuondoa nguzo, sakafu ya ghorofa ya pili." Unangoja nini? Mshale ukanionyesha: maseremala wamalize kusimamisha nguzo, kisha zipite siku ishirini na mbili, moja ya kumwaga zege na nyingine za kulikomaza.

Nguzo zile ni za muda tu, zimebeba zege bichi. Zilipaswa kungoja zege likomae siku ishirini na moja tangu limwagwe, si kumngoja seremala. Lakini stoo ilinizoesha kupanga vitu kwa mafundi: vya seremala rafu hii, vya mwashi rafu ile. Na ratiba nikaipanga hivyohivyo, seremala nikamfunga na seremala, mwashi na mwashi. Mvua zilipochelewesha zege kwa siku tisa, mistari ya waashi ilisogea yote. Wa nguzo ukabaki palepale: leo, saa mbili na nusu. Zege lilikuwa na siku kumi na mbili tu.

Saa ya ukutani ilionyesha mbili na dakika kumi na tano. Na fundi aliyepangiwa kazi hiyo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, tunayemwita Patasi.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia nyapara, hivyohivyo. Ndipo nikakumbuka kwamba simu zote huachwa getini, ndani ya sanduku.

Nikatoka mbio. Ni mitaa miwili tu mpaka kwenye jengo. "Bwana, ishike mikono yao," nilisali nikihema. "Usiniadhibu kwa shingo za watu wengine."

"Mama, kofia! Bila kofia huingii!" mlinzi alipiga kelele. Niliipokonya mkononi mwake nikapanda ngazi. Kutoka juu nilisikia nyundo: ngo! ngo! ngo!

Nguzo mbili zilikuwa zimeshalala chini. Patasi alikuwa anaigonga ya tatu, na wenzake wanne wamemzunguka.

"Acha! Patasi, acha! Tokeni!"

Wakacheka. "Haa, shemeji! Kaka amekufukuza asubuhi yote hii?"

"Toka chini ya zege hilo!"

Nyapara, aliyeletwa kwetu wiki iliyopita tu, alinitikisia karatasi usoni. "Mama Ratiba, hii si kazi yako? Umeandika leo. Tumedamka kwa ajili ya karatasi yako, sasa unatufukuza?"

"Karatasi ni yangu na kosa ni langu. Zege lina siku kumi na mbili."

Kicheko kikakatika kama uzi. Juu yetu kitu kikalia, kidogo sana, kama kokoto linalosagwa kwa jino. Vumbi likashuka juu ya kofia ya Patasi.

"Taratibu," nyapara alinong'ona. "Msikimbie. Msiguse kitu."

Nikawahesabu wakitoka. Mmoja. Wawili. Watatu, wanne. Patasi alikuja wa mwisho, akitembea upande upande, nyundo ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Alipofika nikamshika shati.

Sakafu haikuanguka. Nyapara alifunga kamba mlangoni, akamtuma mlinzi kumwita mhandisi. Sote tukaketi kwenye matofali.

"Shemeji," Patasi alisema, akijaribu kucheka huku meno yakigongana, "ungesimama kunywa chai tu, ungebaki na watoto wangu watatu juu ya wako."

"Kwa kosa hili mtu hufukuzwa kazi," nyapara aliniambia.

"Najua."

"Ukifukuzwa au usifukuzwe, ukisema kazi ianze lini, hawa watakuamini vipi tena?"

Walinitazama wote sita. Nikasimama.

"Mungu ananisikia, nanyi mnanisikia. Sitaandika tena siku ya kuondoa nguzo, jengo lolote lile, kabla sijamfuata atakayesimama chini ya zege nikamuuliza limemwagwa lini. Na siku nguzo hizi za hapa zitakapoondolewa, nitakuwa humo ndani, kando ya Patasi."