Chupa Sita za Daktari Githae

Wivu ukimwingia mtu mzima hautaji jina lake. Hujiita haki, hujiita viwango, na kwa Daktari Githae wa idara ya kemia ulijiita sayansi.

Ulianza siku foleni ilipohamia mlango wa pili. Kwa miaka kumi na tisa wanafunzi wa mwaka wa nne katika chuo kimoja cha Ruiru walikuwa wakijipanga kwa Githae, kumwomba asimamie miradi yao. Mwaka huu walijipanga kwa Daktari Mutheu, mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyekuja juzi tu kutoka Machakos na bado hajajua hata ni bomba lipi la maabara linalovuja. Mutheu alikuwa na wazo moja, na wazo hilo lilimtosha. Alitaka kila somo chuoni lifundishwe likiwa na mazingira ndani yake, badala ya kile kipindi cha mazingira cha Ijumaa jioni ambacho wanafunzi hukitoroka. Akaanza na kijito kinachopita nyuma ya chuo kuelekea mashamba ya Gitothua. Wa kemia wakapima maji yake. Wa biashara wakakokotoa hasara ya mafuriko, wa ualimu wakatunga vipindi vya shule za msingi, wa uhandisi wakachora mitaro. Wote walikuwa wakirudi na matope viatuni wakicheka, na Githae, akiwa dirishani, aliona matope tu.

Aliyemkata maini hasa ni Tabby. Huyu alikuwa binti wa Thika, jirani yake kabisa, na Githae ndiye aliyemfundisha kushika pipeti tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa na mkono mtulivu na jicho kali, na Githae alikwisha kujiambia kwamba huyu ndiye atakayeendeleza kazi yake.

"Mwalimu, si ati nakuhama," Tabby alimwambia, akitazama sakafu. "Ni vile project ya Dr. Mutheu iko field."

"Nenda tu," Githae alisema, akicheka kwa meno tu.

Foleni angeivumilia. Shida ni kwamba seneti ilipenda wazo lile na kutaka kuufanya mpango kuwa wa chuo kizima, wenye ofisi, fedha za utafiti na mratibu. Mratibu! Githae aliona cheo hicho ni chake kabisa. Mwaka wa 2004, Mutheu akiwa bado na sare ya sekondari, yeye alikwisha kuandika makala kuhusu maji machafu ya viwanda vya kahawa. Aliyachukua maji hayo mwenyewe, maji ya mto yakimfika kiunoni, na hakuna aliyempiga picha. Sasa mtu amekuja na gambuti nyekundu na vijana arobaini, ndipo chuo kinagundua kwamba kuna mto. Mkutano wa kuamua uliwekwa Jumatano.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Mutheu alibandika matokeo yake ubaoni. Maji ya kijito hayakuwa na metali za sumu, na akina mama wa Gitothua wangeweza kumwagilia mboga zao bila hofu. Githae aliyasoma mara tatu akitafuta kosa. Alipoona kwamba maji yalibebwa katika chupa za plastiki, zilizosuuzwa kwa maji ya kijito kile kile, alifurahi mno.

"Chupa za soda!" alisema peke yake kwenye korido.

Yeye angefanya kazi kama inavyofanywa. Alitoa chupa sita za kioo na kuziosha alivyofundishwa na walimu wake, nao walivyofundishwa na wa kwao: kuziloweka usiku kucha katika asidi ya kromiamu, ile yenye rangi ya machungwa yaliyoiva, kisha kuzisuuza mpaka vidole vife ganzi. Asubuhi alishuka kijitoni peke yake, akajaza chupa zake, akapanda nazo maabara. Mashine ikasoma kromiamu, mojawapo ya metali za sumu, mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa kwa maji ya shamba.

Moyo wake uliruka. Tuseme ukweli, haukuruka kwa kuwahurumia wanaokula mboga.

Jumatano ukumbi ulijaa. Mutheu alikuwa amemwalika Mama Ngendo, mkulima wa sukuma wiki kutoka Gitothua, akamketisha mbele kabisa katika kitambaa chake cha kanisani. Mutheu alieleza, watu wakapiga makofi, na makofi yale yalimwingia Githae kama mchanga machoni. Akaomba maikrofoni. Alisoma namba zake polepole, moja baada ya nyingine, chupa zote sita.

Mama Ngendo alisimama. "Ngai! Kwa hivyo hiyo sukuma nimekuwa nikiuzia watu iko na sumu?"

"Mimi nasoma namba tu, mama," Githae alisema.

Macho yote yalimgeukia Mutheu. Githae alingoja abishe. Alikuwa amejiandalia majibu manne. Mutheu aliichukua karatasi, akaisoma hadi mwisho, akairudisha.

"Kama ni Daktari Githae amepima, basi tusimamishe uamuzi," alisema. "Mama Ngendo, nitakuja kwako kesho."

Uamuzi ukaahirishwa kwa wiki moja. Mlangoni, mwanaseneti mmoja alimshika Githae bega na kumnong'oneza kwamba jambo hili labda linahitaji mtu mzima. Siku hiyo Githae alifika nyumbani Thika akipiga mluzi, mpaka mkewe akamuuliza kama ameongezwa mshahara.

Ijumaa asubuhi Tabby alibisha mlango wa ofisi yake, daftari mkononi.

"Mwalimu, nataka kuweka results zako kwa report yangu. Nimepata zote sita. Imebaki tu blank. Blank yako ilisoma ngapi?"

Kila mwanafunzi wa kemia anaijua hiyo. Ni chupa iliyooshwa sawa na wenzake lakini ikatiwa maji safi ya maabara, ikapimwa ya kwanza, ili ujue chupa yenyewe imeongeza nini. Githae ndiye aliyewafundisha. Alikuwa akikata alama kumi kwa anayeisahau, na mwaka jana alimkata Tabby.

Hakuwa ameipima. Siku ile alikuwa na haraka ya furaha.

"Nitakupa Jumatatu," alisema.

"Sawa. Pia Dr. Mutheu hayuko, usimtafute. Tangu jana yuko Gitothua anang'oa sukuma na Mama Ngendo." Tabby alifunga daftari. "Tulimwambia turudie kupima kwanza, akakataa. Akasema yeye anaweza kosea, lakini Dr. Githae hawezi kosea kipimo. Si unajua ile paper yako ya maji ya kahawa ndiyo hutupatia ya kwanza kusoma?"

Githae hakuwa akijua. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba alijua.

Saa ya chakula cha mchana maabara ilikuwa tupu. Alichukua chupa moja, akaiosha kwa asidi ile ile, akaisuuza vile vile, akaijaza maji safi. Mashine ikasoma kromiamu mara tatu ya kiwango. Akajaribu ya pili. Akajaribu ya tatu. Kijito hakikuwa na kitu. Kromiamu ilikuwa imeng'ang'ania kioo tangu mwanzo, nayo aliitia mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa.

Akaketi kwenye stuli. Mtu pekee ambaye angeuliza alikuwa Tabby, na Tabby angemwamini. Akavuta karatasi na kuandika: blank, sifuri. Namba ikakaa pale, safi kabisa, na nyuma yake kiti cha uratibu.

Akajaribu kujiona ameketi humo. Badala yake akamwona Mutheu ameinama shambani, anang'oa chakula cha mtu kwa ajili ya jina lake yeye, Githae. Watu wangesimulia habari za Mutheu hivyo miaka yote: yule mwalimu aliyekubali kushindwa na akashika jembe. Hata uongo huu ungempamba Mutheu! Na palipochimbika zaidi moyoni, mahali ambapo hakutaka kuangalia, palimuuma kwamba mtu ambaye yeye alimwinda mwaka mzima ndiye pekee aliyekuwa akisoma makala yake. Aibu na kijicho vilimpanda pamoja, na hadi leo hawezi kusema ni kipi kilichomwinua. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akashuka Gitothua kwa miguu.

Aliwakuta kando ya kijito. Nusu ya shamba ilikuwa tupu, na sukuma zilizong'olewa zimenyauka katika magunia. Mutheu alinyooka alipomwona, akajipangusa mikono, akamsalimu kwa heshima. Heshima ile ilimkera kuliko tusi.

"Maji ni mazuri," Githae alisema. "Kromiamu ilikuwa kwa chupa zangu. Sikupima blank."

Uso wa Mutheu ukabadilika, na kumbe alikuwa na hasira kama watu wengine.

"Siku mbili, Daktari! Siku mbili nang'oa mboga ya huyu mama kwa sababu ni wewe ulisema. Angekuwa mtu mwingine ningeuliza blank hapo hapo ukumbini." Akaonyesha magunia. "Ni mimi nilikosa kuuliza. Lakini ni wewe ulikosa kupima."

Githae alikuwa ametamani sana Mutheu ashindwe, na sasa alipoona macho yake yamejaa machozi alitamani kuwa mahali pengine popote.

Mama Ngendo alikuwa amesikiliza akiwa ameegemea jembe. "Wewe ndiye yule wa maikrofoni?"

"Ndimi, mama. Nisamehe. Nitalipia mbegu na kazi yako yote."

"Hiyo tutaongea. Lakini wateja wangu ni watu wa kanisa, na saa hii hakuna mtu ananunua kitu kwangu, hata dania. Wamesikia ni sumu. Wewe ulisema na maikrofoni, basi Jumapili utakuja useme na maikrofoni."

Jumapili alikwenda. Mchungaji alimwita baada ya matangazo, mbele ya watu mia tatu waliovaa vizuri. Mutheu aliketi benchi la nne na Tabby na wanafunzi kumi hivi. Githae alieleza kwa Kiswahili chepesi: kwamba kuna asidi wanayooshea chupa, kwamba asidi hiyo ina kromiamu, kwamba ilibaki kwenye kioo naye akayasingizia maji. Sukuma ya Mama Ngendo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa lake.

Watu walinung'unika, kisha wakapiga makofi machache ya huruma. Alikuwa anarudisha maikrofoni Mama Ngendo aliposimama katikati ya akina mama wenzake.

"Mwalimu, ngoja kidogo. Hiyo asidi ya kuosha chupa, mkimaliza nayo mnamwaga wapi?"

Miaka kumi na tisa, kila wiki, darasa baada ya darasa, Githae alikuwa amesimama kando ya sinki ya pembeni akiwaonyesha vijana jinsi ya kuimimina taratibu ili isiwarukie, kisha wafungue maji kwa dakika mbili. Aliijua dakika ya kwanza na aliijua ya pili. Sinki ilikuwa na tundu, na maji yalikokwenda baada ya tundu hakuwahi kuuliza.

Alimtazama Mutheu. Mutheu hakuangalia pembeni wala hakumsaidia, na Githae akatambua kwamba huyu swali hilo lilikuwa limemjia zamani, pengine wiki yake ya kwanza chuoni. Akamwonea wivu hata hapo, kuliko siku zote.

"Sijui, mama," alisema.