Namna Nne za Godoro

Mjukuu alikuwa ameandika mbili. Babu yake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu kazi bila kustaafu ukali, akalikata jibu kwa kalamu nyekundu.

"Mstatili unaingia kwenye fremu yake kwa namna nne. Umesahau kuupindua."

"Nusu mzunguko naiona, babu. Hizo za kupindua sizioni."

Mwalimu alizijua kuliko alivyotaka. Tangu aanze kukojoa kitandani, na tusizungukezunguke, hilo ndilo jina lake, alikuwa akisubiri mke wa mwanawe atoke, kisha analigeuza godoro. Hulala ukingoni, kwa hiyo ukilizungusha nusu mzunguko, doa linakwenda ukutani na ukingo mkavu unakuja kwake. Ukilipindua, unapata kingo mbili nyingine. Robo mzunguko haisaidii, urefu na upana havilingani. Laiti lingekuwa mraba, angepata nane.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba mara nyingi alipoligeuza asubuhi, jioni alikuta doa limerudi upande wake. Alijiambia kichwa nacho kimeanza kuvuja.

"Basi tujaribu na godoro lako," mjukuu akasema, akainuka.

"Kaa chini."

"Si wewe unayesema tusikubali kitu bila kujaribu?"

Ndiye. Aliwaambia hivyo watoto wa watu miaka nenda rudi. Sasa akasimama mlangoni pa chumba chake, ameshika miimo kwa mikono miwili, akamwita mjukuu wake kichwa maji, akamwambia aandike nne na aache ubishi. Mtoto akaanza kulia. Mwalimu aliona haya, lakini hakubanduka mlangoni.

Mke wa mwanawe akatoka jikoni, mikono ina unga. Akamtazama binti yake, akamtazama mkwewe.

"Babu hajakosea, ni nne," akamwambia mtoto. "Nenda kanawe uso, ukacheze nje."

Walipobaki wawili, akajifuta mikono taratibu.

"Baba, naomba nipite."

"Chumba hakijafagiliwa, mama."

"Nakijua. Wewe ukienda kunyoa, au kuota jua, mimi naingia nalizungusha godoro ulale pakavu. Jana nilipolishika ndipo nikaona limeshazungushwa. Sikujua na wewe unalizungusha."

Nusu mzunguko na nusu mzunguko, unarudi pale pale. Mtoto wa darasa la tano angeling'amua hilo. Kichwa chake kilikuwa kizima, na angepaswa kushukuru, lakini alichokiona ni mikono ya mkwewe ikiinua uchafu wake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Tangu lini?" akauliza, macho sakafuni.

"Tangu siku ya kwanza, Baba."

Akapita chini ya mkono wake, akaondoa shuka, akashika pembe moja ya godoro na kungoja. Mwalimu akaenda kushika pembe ya pili. Wakalibeba hadi juani, yeye akitembea kinyumenyume, na njia nzima hakuthubutu kumtazama usoni.