Herufi Ndogo Juu ya Mkia wa Panya

Kazini walimwita Nukta, na jina hilo hakulipata bure. Kadi za mwaliko, vitabu vya hesabu, karatasi za kubandika kwenye chupa za dawa, vyote vilipita kwenye kompyuta yake kabla ya kwenda mashineni, na nukta moja ikikosekana aliiona hata kama ukurasa umelala kichwa chini. Mwenye kiwanda cha uchapaji alizoea kusema kwamba Nukta akifa, atafufuka ili alalamike kuwa maandishi ya kaburi lake hayako katikati.

Kazi iliyomtoa jasho mwaka ule haikutoka kwa mteja. Ilitoka kwa mama yake mzazi.

Kaka yake Nukta alikuwa ameoa Mchina, na walikuwa na binti mdogo aliyeanza tu kuunganisha maneno. Kila jioni bibi wa upande wa pili alimpigia mjukuu simu akamsimulia hadithi aliyoitunga mwenyewe, ya panya ambaye mkia wake haukujua kuacha kukua. Mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi. Mama alikuwa ameketi pale pale, akitabasamu kama mtu aliyealikwa karamu akasahauliwa sahani.

"Mimi ndiye ninayemwogesha," alimwambia Nukta siku moja. "Mimi ndiye ninayembeba. Lakini wakicheka sijui wanacheka nini. Mkwe mwenzangu anakuja mwezi ujao. Nitengenezee hiyo hadithi niisome mwenyewe, kwa Kichina."

"Mama, Kichina hukijui."

"Kusoma najua. Wewe niwekee sauti, mengine niachie."

Basi wifi akaiandika hadithi yote, na juu ya kila alama ya Kichina akaweka herufi ndogo za kawaida zinazoonyesha inavyotamkwa. Nukta akaipokea kwa mbwembwe. Alifikiri ni kazi ya asubuhi moja.

Loo! Alama za Kichina ni watu wa heshima, kila moja inakaa kwenye chumba chake cha mraba, na vyumba vyote ni sawa. Herufi za matamshi hazina adabu hiyo. Alama ya kitanda, iliyojitosheleza vizuri kwenye chumba chake, ilibeba kichwani neno *chuáng*, na neno hilo likamwagika pande zote mbili likakanyaga majirani. Nukta alipolipatia nafasi, alama zikaachana kama meno ya mzee. Alipozipunguza herufi, zikawa kama sisimizi. Halafu kila irabu iliyopaswa kuvaa kialama cha sauti chenye umbo la bonde ikageuka kisanduku kitupu, kwa sababu mwandiko aliouchagua haukuwa nayo. Alibadilisha mwandiko, akabana herufi kiubavu, akapanua vyumba vyote kwa kipimo kimoja. Mwishowe ukurasa ukatulia. Akaegemea kiti, akajisifu kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumsifu.

Nyumbani, mama alikuwa darasani kwenye meza ya jikoni, wifi akiwa mwalimu.

"Hii *x* nini tena?" mama aliuliza. "Mara ya mwisho tulikutana kwenye hesabu, na hatukuachana vizuri."

"Isome kama sha, mama, lakini huku unatabasamu."

"Na hivi vijiti vya juu?"

"Ndivyo vinavyokwambia sauti iende wapi. Kilicholala, sauti inakwenda moja kwa moja. Kinachopanda, sauti inapanda."

"Kama nikiuliza 'eeh?'"

"Hapo hapo. Kinachoshuka, inashuka."

"Kama nikimwambia paka toka!"

"Na hili bonde, inashuka kisha inapanda."

Mama akafikiri. "Kama baba yenu aliponiambia ameacha sigara, nami nikajibu 'aaah?'"

Wifi akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Tangu siku hiyo mama alifua akisoma, akapika akisoma, akimtokea Nukta kila kona na panya wake.

Siku ya kuchapa ikafika. Nukta akapitia kurasa kwa mara ya mwisho, kama kawaida yake, na katikati ya kitabu moyo ukamruka. Alama mbili zilikaa sako kwa bako, zinafanana kama mapacha, mstari kwa mstari. Lakini juu ya ya kwanza palikuwa na *zhǎng*, na juu ya ya pili *cháng*.

"Ahaa, wifi," alisema, "leo nimekukamata."

Alimpigia simu, haikupokelewa. Mashine ilikuwa inasubiri. Nukta akafanya kile ambacho mpanga kurasa yeyote mwenye macho angefanya: akayasawazisha matamshi. Yote mawili yakawa *cháng*. Kitabu kikaenda mashineni, kikatoka kinang'aa, na akakibeba nyumbani kifua mbele.

Mkwe alipowasili, alikuwa mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, na macho yake hayakubanduka kwa mjukuu. Yeye na mama walishikana mikono, wakatabasamu, wakashikana tena kwa kuwa hawakuwa na neno la kuongeza. Hapo mama akavaa miwani, akampakata mtoto, akafungua kitabu.

Akasoma. Sauti ilipanda palipopanda, ikashuka palipotoka paka. Mkwe alipoitambua hadithi yake mwenyewe, aliweka mkono mdomoni. Kaka mtu alisimama mlangoni na trei ya vikombe, akasahau kuiweka. Mama akafika penye mkia, akavuta pumzi, akasoma kwa nguvu zote:

"*Wěiba cháng cháng le!*"

Mkwe akainamisha kichwa kama kuku aliyesikia mlio mgeni. Kisha akaangua kicheko.

"Nimesema nini?" mama akauliza, uso umemshuka.

Wifi naye alikuwa anajizuia. "Umesema, mkia wa panya, mara kwa mara."

"Mara kwa mara unafanya nini?"

Swali hilo lilipotafsiriwa kwa Kichina, mkwe hakuweza hata kukaa wima. Mama akainua kitabu. "Nimesoma kilichoandikwa! Njooni mtazame!"

Wifi akatazama, kisha akamgeukia Nukta polepole. Nukta alitamani ardhi impasukie.

"Zilikuwa alama moja," akajitetea. "Alama moja, sauti mbili, inawezekanaje?"

"Inawezekana, wifi. Ya kwanza ni kukua, ya pili ni mrefu. Mkia umekua ukawa mrefu."

Mama ndiye aliyepiga paja. "Kumbe ni kama barabara! Kuna barabara yanakopita magari, na kuna barábara, kazi ikifanywa sawasawa. Ukiandika ni moja, ukitamka ni mbili. Na wewe Nukta, barabara ulizivuka wapi usijue?"

Wifi akamfafanulia mama yake mzazi kwa Kichina. Mkwe akakaza macho, akajaribu la kwanza, akajaribu la pili, akayachanganya, na sasa ikawa zamu ya mama kucheka. Waliendelea hivyo hadi chai ikapoa: mmoja anapeleka panya, mwingine anarudisha barabara, mtoto katikati akipiga makofi kwa wote wawili.

Asubuhi Nukta aliwahi kazini, akairudisha *zhǎng* mahali pake, akachapa upya. Alikuwa bado anakata kingo mlango ulipofunguliwa wakaingia wale wanawake wawili wameshikana mikono. Mkwe alitoa karatasi aliyomwandikisha wifi: hadithi ya mama, ya ng'ombe aliyekataa kuvuka daraja, kwa Kiswahili. Kwa vidole na miguno akaeleza anachotaka. Juu ya kila silabi awekewe alama ya Kichina yenye sauti hiyo, ili naye amsomee mjukuu.

Nukta akaisoma mistari ya kwanza. "Mama, hii *ng'o* ya ng'ombe, nitaipatia alama gani?"

Mama akamgeukia mkwe wake, akamshika kidevu, akamwonyesha mahali pa kuweka ulimi. "Ng'o," akasema.

"Go," akasema mkwe.

"Ng'o!"

"Nnn-go!"

Nukta akavuta kiti cha pili, kisha cha tatu, akawasha kompyuta.