Vikapu vya Jicho Jeusi

"Mama Leodgar, hivi vyote umesuka mwenyewe?"

Dafroza, jirani yake, aliuliza hivyo Jumanne akipita na ndoo ya maji kichwani, wala hakusimama kungoja jibu. Getruda, mama huyo aliyefundisha kusuka, alibaki anavitazama vikapu vidogo kumi na viwili vilivyoning'inia kwenye kamba nje ya darasa la ufundi. Vilisukwa na wasichana kumi na wawili. Kila kimoja kilikuwa na jicho jeusi, duara la katani nyeusi, tumboni, mahali palepale, ukubwa uleule.

Kufikia Ijumaa, Getruda, mjane aliyeishia darasa la nne na kufundishwa kusuka na masista wa Nyegina alikuwa amesali rozari nzima mara tatu juu ya jambo hilo, na amekata shauri.

Zawadi ya kikapu bora ilianzishwa na Mwalimu Mseti, mwalimu mkuu. Mwaka ule sabuni haikuonekana madukani. Watu walifulia majani ya mpapai, na gauni la Getruda la kanisani lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Mwalimu akahangaika mpaka akapata kibali cha kununua sabuni, akatangaza kwamba kila Ijumaa kikapu bora kitapata mche mzima. Alitaka vikapu vizuri vya kupeleka maonyesho Musoma. Wiki ya kwanza alishinda Nyamburi, mmoja wa wasichana hao, kwa jicho alilolitia rangi kwa tope la ziwani. Wiki ya pili wakasuka jicho watano. Ya tatu, wote, na Nyamburi mwenyewe akajirudia.

Nyamburi huyohuyo, kabla ya sabuni, alisukaga kikapu chenye shingo iliyopinda kama ya ndege mwari. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Mama yake akakifanya cha kuwekea mayai.

Na sakafu. Zamani kila jioni Getruda alifagia rundo la katani, maana binti akiona mstari umekataa alifumua, akaanza upya. Siku hizi hakuna aliyefumua. Ufagio ulikuwa unashika vumbi ukutani.

Ijumaa hiyo akapiga ishara ya msalaba, akauweka mche wa sabuni mezani, akauzungushia uzi wa katani, akavuta, tena na tena. Vipande kumi na viwili. Akawagawia wote kabla hajatazama kikapu hata kimoja.

Mwalimu Mseti alipoingia, darasa zima lilinuka sabuni. Alianza kwa upole, akaishia kwa ukali: maonyesho yamekaribia, na mtu wa kufundisha kusuka hakosekani Nyegina. Getruda alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia pajani.

"Sasa watasukia nini, Mama Leodgar?"

"Ndicho nataka kuona, Mwalimu. Ukiniondoa, niondoe nikishaona."

Akampa mpaka Ijumaa inayofuata, akarudi ofisini.

Wasichana wakainamia kazi, wengine wakinusa vipande vyao kwa siri. Nyamburi peke yake alibaki amesimama.

"Mama nyumbani alikuwa anategemea mche," akasema.

"Najua. Hata mimi nautamani."

"Ijumaa ijayo kuna mwingine?"

"Wa kushindania, hakuna."

Binti akakigeuzageuza kikapu chake. "Sasa nisuke nini?"

"Mimi sijui, mwanangu. Wewe ndiye ulikuwaga unanionyesha."

Mmoja akacheka nyuma, akaona hajaungwa mkono, akarudia kikapu chake. Nyamburi akakaa. Akatafuta ncha ya uzi kwenye ukingo, akavuta. Mistari ikaanza kuachia, polepole kwanza, halafu kwa kasi, mpaka jicho likapasuka katikati na katani nyeusi ikamwagika miguuni pake. Wenzake walikuwa wameacha kusuka. Hakuwaangalia. Alipofika kwenye kitako, upana wa kiganja tu, akasimamisha mkono.

Getruda alikuwa amekwisha kuunyooshea mkono ule ufagio. Akauacha ukutani.

Nyamburi akafunga kipande chake cha sabuni kwenye pindo la kitenge, akakusanya katani yote kifuani, akabana kwapani kile kitako cha kuanzia upya, akatoka.